Taa ya Kurudi

3 Aprili

Kitabu hiki ni cha pampu ya maji ya hapa Isiolo. Nilitoka nacho siku ya kustaafu, kurasa mia na kitu hazijaguswa, na sikuona sababu ya kuwaachia. Miaka ishirini na tisa nimejaza vitabu kama hiki: saa ya kuwasha, saa ya kuzima, mafuta yaliyobaki. Sasa sina pampu. Nina pikipiki ya marehemu baba, BSA ya mwaka wa 1961, na taa yake ya mbele inatoa mwanga wa mshumaa uliotiwa ndani ya chupa ya soda. Nitaandika habari ya taa.

Sababu ni hii. Mke wangu Khadra yuko Kinna tangu mwezi wa pili, kwa binti yetu Farhiya aliyejifungua. Abdirahim, mume wa Farhiya, mama yake alifariki, kwa hivyo Khadra alikwenda kumwangalia mzazi. Nataka kwenda kuwaona. Lakini baba alinifundisha kwamba mwanamume halali kwa sodda, yaani nyumbani kwa mume wa binti yake, hata mvua ya mawe ikinyesha. Unakula, unabariki, unaondoka. Gari la Kinna nalo linalala huko huko, linarudi kesho yake. Basi ni pikipiki, na kurudi ni giza, na njia ile ina ndovu. Bila taa mtu haendi.

4 Aprili

Ijumaa. Baada ya swala nimempigia Khadra, kama kila Ijumaa. Mtoto ameitwa Asli, hajambo. Nikamweleza kuwa nanunua taa ya LED, zile nyeupe wanazofunga vijana wa boda. Akasema, "Haya." Nikasema arobaini inaisha kesho, basi gari la Jumatatu litamleta. Akasema, "Tutaona, Baba Farhiya."

Namjua Khadra. Tutaona yake ni hapana iliyojifunika shuka.

6 Aprili

Arobaini imeisha. Nimepika wali wa watu wawili tena.

7 Aprili

Gari la Kinna limefika stendi saa nne unusu. Nilikuwa pale kwa shughuli zangu. Hakuwemo.

Sikuwa na shughuli yoyote.

9 Aprili

Dukani kwa Mwendwa, yule Mmeru wa spea. Ameniwekea taa mezani akaipangusa kwa kidole.

"Mzee Elema, hii ni waya mbili tu. Nyekundu kwa swichi, nyeusi kwa chuma. Mtoto wa nasari anafunga."

Mtoto wa nasari hana betri ya volti sita. Taa ni ya volti kumi na mbili. Nimeifunga, ikawaka kidogo sana, ikazima. Nimerudi dukani, Mwendwa akacheka mpaka akakaa chini. Sikupenda. Nimenunua betri ya kumi na mbili bila kuaga.

12 Aprili

Jirani yangu Jennifer, yule mama Mturkana anayeshona sare za shule, amechungulia juu ya ua. "Habari ya mzee? Hiyo taa imewaka?" Nikasema bado. Mama huyu ana macho marefu. Cherehani yake inalia tangu alfajiri, na kila ikinyamaza najua anatazama kwangu.

17 Aprili

Mvua ya kwanza. Mabati yamepiga kelele, nikageuka kusema "funika kuni". Hakukuwa na wa kuambiwa. Nimetoka kufunika mwenyewe.

19 Aprili

Leo nimeaibika na nitaandika yote, maana kitabu cha pampu hakidanganywi.

Nilifungua kiti niweke betri mpya. Nikaona waya mwekundu, wa chanya, umekazwa kwa bolti kwenye chuma cha pikipiki. Mwekundu! Pikipiki zote za Isiolo, nyeusi ndiyo inakaa kwa chuma. Nikacheka peke yangu. Baba, mtu mkali vile, aliyenichapa kwa sababu ya spana iliyoanguka mchangani, kumbe alifunga betri kinyume miaka yote hiyo na pikipiki ikamvumilia. Nikasema, leo mwanao anakurekebisha, mzee. Nikageuza. Nyeusi kwa chuma, nyekundu kwa swichi, kama alivyosema Mwendwa.

Nikapiga teke. Injini ikashika mara ya pili. Nikaongeza mafuta kidogo, nikasikia harufu, kisha moshi ukatoka chini ya kiti, mweupe halafu mweusi. Nikanyofoa waya kwa mkono mtupu. Kisanduku cha kuchajia kimeungua na taa mpya imeungua. Vidole viwili vimetoa malengelenge.

Jennifer amekuja mbio na ndoo ya mchanga. "Mzee, uko sawa? Onyesha mkono." Nikamwambia sijambo, nenda zako. Akaacha mchanga hapo mlangoni. Ndoo sijairudisha.

25 Aprili

Ijumaa. Nimemweleza Khadra habari ya moshi.

"Umeungua?"

"Vidole tu."

"Pole. Weka asali." Nilisikia kuku nyuma yake, na maji yanapita mahali. "Baba Farhiya, hakuna kitu unataka kuniuliza?"

"Nikuulize nini?"

"Sijui. Mtu akiwa mbali huulizwa."

"Nimeuliza mtoto."

"Ndiyo," akasema. "Mtoto umeuliza."

Asali hakuna. Yeye ndiye hujua inawekwa wapi.

28 Aprili

Mvua tangu jana. Nimerudisha ndoo. Jennifer alikuwa anapinda sketi, amejaza pini mdomoni, akazitoa moja moja akaniuliza swali.

"Mzee, wewe ukienda Kinna asubuhi na mapema, si unakula na wao mchana, na saa kumi na mbili uko hapa? Taa ya nini?"

Nikamwambia hajui desturi zetu. Mtu hawezi kufika kwa sodda, akanywa chai kikombe kimoja, akaondoka kama askari aliyeleta barua. Lazima ukae. Nikamwambia pia pikipiki ile haikimbizwi, ina miaka mingi kuliko yeye. Akasema, "Sawa mzee," akarudisha pini mdomoni.

Swali la kijinga.

29 Aprili

Nimelifikiria lile swali siku nzima. Mtu anaweza kutoka saa kumi na mbili asubuhi, akafika saa tatu, akakaa hadi saa tisa, akarudi na jua. Hilo nalijua tangu mwezi wa pili. Sitaki kuandika zaidi ya hapo.

2 Mei

Simu imelia, si Khadra. Abdirahim. Katika miaka mitatu ya ndoa yao tumezungumza labda mara sita, na zote ni salaam aleikum na mvua imenyesha wapi. Yeye hutengeneza pampu za mashamba ya kule. Nilimdharau kidogo kwa hilo, sijui kwa nini, mimi niliyekula mshahara wa pampu maisha yangu yote.

"Abba, samahani. Mama ameniambia habari ya moshi. Hizo mashini za zamani za Kiingereza, nyingi chanya ndiyo inakaa kwa chuma. Hawakukosea. Zilitoka hivyo kiwandani."

Nilikaa juu ya kitanda. Baba, nisamehe.

Akaendelea pole pole, kwa adabu, kama anayemwekea mgonjwa uji. Ukitaka kugeuza inawezekana, lakini dynamo, ile inayozalisha umeme, nayo lazima ifundishwe upya, kwa sababu inakumbuka upande wake wa zamani. Unatoa waya zake, unagusisha ule mdogo kwenye betri mara moja tu, cheche moja, basi. Na kisanduku kipya cha volti kumi na mbili kinapatikana Nairobi, ana rafiki atanitumia kwa basi. Nikaandika yote. Yule kijana anajua kazi.

Mwishoni akasema, "Na mambo ya kulala, Abba, usijali, Mama ame..."

Nikamkata. Mtu hazungumzi na sodda habari ya kulala. Nikasema, "Shukran, mwanangu, Mungu akubariki," nikazima simu. Kabla haijazimika nilimsikia akivuta pumzi. Najua hakukusudia ubaya, lakini kuna mpaka.

3 Mei

Mvua.

6 Mei

Mvua. Kisanduku hakijafika. Nimezungumza na watu wawili leo: kijana wa maziwa, na mtu aliyekosea namba.

9 Mei

Ijumaa. Nimemwambia Khadra tunangoja kisanduku. "Haya."

13 Mei

Kisanduku kimefika, kimefungwa ndani ya soksi. Nimecheka. Nilitaka kumwambia mtu.

16 Mei

Imewaka.

Nimefanya kama alivyosema Abdirahim. Cheche moja, tik. Nimefunga taa nyingine niliyonunua kwa Mwendwa, nyeusi kwa chuma, nimeomba Mungu, nimepiga teke. Sindano ya chaji ikalala upande wa kulia ikatulia. Nilingoja maghrib iingie, nikaswali, nikatoka nikabonyeza swichi. Wallahi sijaona kitu kama hicho. Ua wote ukawa mchana. Niliona kila tofali la choo, kamba ya nguo, beseni la Khadra lililoinamishwa tangu mwezi wa pili na buibui aliyejenga chini yake. Niliona kila kitu na hapakuwa na mtu hata mmoja. Nikabaki nimeshika usukani, injini inanguruma, na furaha yote ikanitoka miguuni.

Jennifer ndiye aliyepiga makofi ng'ambo ya ua. "Mzee! Sasa unaenda Kinna!"

Nikasema ndiyo, nikishamaliza ya nyuma.

20 Mei

Taa ya nyuma.

23 Mei

Ijumaa. Nimepiga, hajashika. Taa ya nyuma imekubali, lakini nimeona waya za pembeni zimechakaa. Lazima nizibadilishe.

26 Mei

Jennifer ameniona nikisokota waya mpya. Safari hii hakuuliza chochote. Ametikisa kichwa akaingia kwake. Afadhali angeuliza.

30 Mei

Ijumaa. Farhiya ameshika simu ya mama yake.

"Mama yuko shambani, Abba."

"Shamba gani?"

"Abba, hujui? Ana nyanya kwa mfereji. Tangu mwezi wa nne. Ameuza sokoni mara mbili."

Nikamwuliza kwa nini sikuambiwa. Akasema, "Si huwa mnaongea kila Ijumaa?" Hakusema kwa ubaya. Alidhani kweli huwa tunaongea.

Nimekaa na simu mkononi mpaka kioo kikazima. Mke wangu ni mkulima na mimi ninajua volti. Ninaogopa. Nimeogopa tangu gari la Jumatatu lilipokuja bila yeye. Nilijua nikifika nitamwuliza kama anarudi, na atanijibu. Ndiyo maana taa haikwisha. Keshokutwa naenda.

1 Juni

Nimetoka saa kumi na mbili asubuhi na kufika saa tatu na robo, kama ilivyokuwa inawezekana siku zote. Njia imekauka, mvua imekwisha, nyasi zimesimama pande zote. Nilikuwa na kilo nne za sukari, leso mbili na kofia ya mtoto.

Abdirahim amenipokea usukani kwa mikono miwili. Farhiya amenipa Asli. Mtoto mzito, ana paji la uso la Khadra. Nikambariki, nikamtemea mate kidogo kichwani kama ilivyo kwetu, akapiga chafya, tukacheka. Nikauliza mama yuko wapi. Abdirahim akanionyesha upande wa mfereji, akabaki nyuma.

Nilimwona kabla hajaniona. Amevaa gambuti, amefunga leso kiunoni, anafungulia maji kwa jembe, mstari kwa mstari. Mgongo wake haukuwa wa mtu anayesubiri gari. Nilisimama pale nikaona haya kumwita.

Akageuka. "Umekuja," akasema.

"Nimekuja. Taa imekwisha."

"Nimesikia."

Amenionyesha nyanya. Safu sita ni zake, amekodisha kwa mzee mmoja wa hapo, nyanya zikiwa tayari zimeota. Alinieleza dawa ya majani, alinieleza zamu ya maji, na nikatambua kwamba tangu tuoane sijawahi kumsikia akieleza kitu kirefu hivyo. Au labda alikuwa akieleza, na mimi nikiandika saa ya kuzima pampu.

Tulikula mchana. Tukakaa. Ilipofika saa kumi na nusu nikaanza kutazama jua, naye akaona ninavyotazama. Tukatoka hadi pikipiki ilipo. Nikabonyeza swichi nimwonyeshe. Hata mchana inaonekana.

"Nzuri," akasema. Akaweka kiganja mbele yake, akaangalia mwanga ukipita kati ya vidole. "Miezi miwili unanieleza hii taa, Baba Farhiya. Kila Ijumaa. Mimi nikajiuliza, ni taa ya nini? Ya kuja, hapana, umekuja na jua. Ni taa ya kuondoka kwangu."

Nikasema desturi. Nikasema mimi siwezi kulala kwa sodda, yeye anajua.

"Najua. Ndiyo nikapanga chumba."

Nikamtazama.

"Nyuma ya soko. Wiki ile baada ya arobaini. Kitanda, jiko, chaga ya vyombo. Nikasema hapa si kwa Abdirahim, hapa ni kwake na kwangu, atakuja. Nikangoja uniulize unalala wapi, unafanya nini, umekula nini. Ukaniambia betri."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungekuja kwa sababu umeitwa. Nilitaka uje kwa sababu nyumba imekushinda."

"Imenishinda," nikasema. Sauti haikutoka vizuri. "Khadra, imenishinda tangu siku ya kwanza. Kiko wapi hicho chumba?"

"Jumatano nimerudisha ufunguo."

Jumatano. Taa yangu ilikuwa imewaka siku kumi na mbili.

Nikamwuliza kama atarudi Isiolo. Hatimaye nikauliza. Akasema, "Kurudi kufanya nini? Kungoja pampu izimwe? Nina nyanya." Hakukasirika. Angekasirika ningejua pa kushika.

Nimeondoka saa kumi na moja na nusu. Giza lilinikuta njiani na taa ikafanya kazi yake, siwezi kuilaumu. Niliona kila shimo. Niliona macho ya digidigi, niliona kinyesi kibichi cha ndovu, niliona mpaka vumbi linavyosimama. Sijawahi kuona njia vizuri namna ile, na nililia ndani ya helmeti mpaka kioo kikaingia ukungu, nikalazimika kusimama nifute.

2 Juni

Sijatoka.

3 Juni

Jennifer amebisha na chapati mbili ndani ya kitambaa. Nilimwambia kila kitu, sijui kwa nini. Labda kwa sababu alinyamaza. Nilidhani atasema nilikuambia. Hakusema.

"Mimi bwana yangu Ewoi alikuwa dereva wa lori," akasema. "Alikuwa ananipigia, anasema tairi tu. Tairi hii, tairi ile. Mimi nikachoka, nikamwambia usinipigie kama ni tairi. Basi hakupiga. Wiki hiyo lori ilianguka." Akakunja kitambaa chake mara nne. "Mzee, wewe wako yuko hai. Yuko pale karibu, na nyanya. Unakaa hapa unalinda nini?"

Tumekuwa majirani miaka saba. Sikujua alikuwa na mume anayeitwa Ewoi. Sikuuliza.

4 Juni

Nimemwachia Jennifer ufunguo wa nyumba. Akauliza ni kwa muda gani, nikasema sijui. Nimefunga godoro nyuma ya BSA kwa kamba ya mpira, na sufuria moja, na kitabu hiki. Mwendwa ameniona nikipita stendi, amepiga kelele, "Mzee Elema unahama?" Nikapiga honi.

5 Juni, Kinna

Chumba cha Khadra kimechukuliwa na muuza miraa. Usiku nimelala msikitini, na leo nimezunguka soko lote. Mwanamke mmoja ameniuliza kama nina wenyeji hapa, nikasema nina mke. Akasema, "Na kwa nini unatafuta chumba?" Nikasema ni habari ndefu.

Nimepata kimoja karibu na posho mili. Kuta zinatetemeka mashine ikisaga. Sijamtuma mtu kwa Khadra. Abdirahim ameniona akapita kama hajaniona, kwa adabu, na baada ya nusu saa mfuko wa makaa ulikuwa mlangoni.

6 Juni

Hajaja.

7 Juni

Idd. Tumeswali uwanjani. Nimekula kwa Farhiya, nimembeba Asli, nimekaa upande wa wanaume. Khadra alinisalimia mbele ya watu, vizuri, kama anavyomsalimia mgeni yeyote. Nimerudi chumbani kwangu nikiwa na nyama kwenye sahani. Nitakaa. Hata kama ni hivi, nitakaa.

9 Juni

Amekuja jioni, kutoka shambani, na matope hadi magotini. Alisimama mlangoni akaangalia juu, chini, pembeni.

"Dirisha ni dogo," akasema.

"Ni dogo," nikakubali.

"Na hapa moshi utatokea wapi?"

"Sijui. Wewe unaonaje?"

Akavua gambuti. Nikaweka chai, nikamwuliza zamu ya maji ya leo ilikuwaje. Akasema mzee wa mfereji amempunja robo saa, na hii si mara ya kwanza. Nikamwuliza mara ya kwanza ilikuwa lini. Akaanza kueleza. Alieleza mpaka chai yake ikapoa, akaimwaga, nikamtilia nyingine, akaendelea. Posho mili ilizima. Sikuangalia saa.

Kisha akainuka, akaenda mlangoni. Nikajua ndiyo basi, anarudi kwa binti yake. Kumbe alikuwa anaufunga, upepo ulikuwa unaingia.